Barabara Juu ya Meza: Kumfundisha Asiyeona Kuvuka

Mwanafunzi aliyezaliwa haoni huijua barabara kwa nyayo na masikio, lakini umbo lake zima hajapata kuligusa. Njia panda inagawanyikaje? Mtaro uko upande gani wa lami? Kabla ya kumsimamisha kando ya magari ya Kamembe, wilayani Rusizi, mwalimu aanzie mezani.

Tengeneza mfano
Chukua kadibodi ngumu ambayo mikono miwili ya mtoto inaifikia yote. Msasa uwe lami, kitambaa kiwe njia ya miguu. Chimba mtaro kwa kisu. Nyuzi nene zigandishwe ziwe kivuko cha pundamilia. Kiberiti ni gari, kizibo cha soda ni pikipiki. Alama zisibadilike somo hadi somo. Majina ya mitaa yaandikwe kwa nukta nundu.

Somo la mezani
Weka kadibodi ielekee kama barabara yenyewe ilivyoelekea. Usiuburute mkono wa mtoto. Mwache aupeleke mwenyewe. Vidole viwili viwe miguu yake, nawe usukume kiberiti.

Hapa tia mkazo: Rwanda, kama mji wa Bukavu nchini Kongo, ng'ambo ya mto wa mpakani, magari hupita kulia. Hatari ya kwanza hutoka kushoto. Akipita katikati, hutoka kulia. Aliyejifunza Tanzania, Kenya au Uganda amezoea kinyume chake.

Mwambie pia kwamba rangi ya kivuko haisikiki mguuni kama nyuzi zile. Mtafutie alama ya kudumu, mfano nguzo au kifuniko cha mtaro, kisha muiweke kwenye kadibodi.

Barabarani
Mpeleke kwenye barabara ileile, saa isiyo na msongamano. Ncha ya fimbo nyeupe iguse ukingo, mabega yaelekee ng'ambo, asikilize. Pikipiki inayoteremka kilima injini ikiwa imezimwa husikika matairi tu, na mvua hufunika hata hayo. Akiwa na shaka, asivuke, aombe msaada. Yeye ndiye amshike msaidizi kiwiko, asisukumwe kwa nyuma.

Mkirudi darasani, apange upya mtaa aliouvuka. Akisahau mtaro, rudini mkautafute kwa fimbo.

Kwa watu wazima, Umoja wa Wasioona Rwanda (RUB), ulioanzishwa mwaka 1994, una kituo Masaka, Kigali, kinachofundisha kutembea kwa fimbo nyeupe.

Nawe dereva, nawe motari wa pikipiki: ukiiona fimbo hiyo ukingoni, simama kabisa. Usimpungie mkono, haoni. Usimpigie honi, kwake honi ni onyo. Subiri mpaka fimbo iguse ukingo wa pili.