Kumchanja Mbwa Mkaidi

Je, nyumbani kwenu mna mbwa? Mbwa wengi hawajazoea kufungwa kamba. Wamwonapo bwana mifugo na sanduku lake, hukimbilia uvunguni mwa ghala. Hata hivyo, mbwa asiyechanjwa aweza kupata kichaa cha mbwa na kuwaambukiza watu. Virusi vya ugonjwa huo hutoka pamoja na mate yake. Akikuuma, hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Dalili zikishaonekana, ni nadra sana mtu kupona.

Anza kumzoeza mbwa wako siku nyingi kabla ya chanjo. Mvishe ukanda wa shingoni wakati wa kula, kisha mwongoze hatua chache kwa kamba. Siku yenyewe afungwe mapema, kabla mgeni hajabisha hodi. Chanjo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Haifai kukaa juani huku mkimfukuza mbwa kijiji kizima!

Kumshika ni kazi ya mtu mzima ambaye mbwa humtii. Wewe simama kando, umwite jina kwa upole. Ikiwa huuma, mtu huyo humfunga mdomo kwa utepe wa kitambaa, akiacha pua wazi. Asipigwe kamwe, maana chanjo itarudiwa, naye atakuwa hajaisahau fimbo.

Ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha upelekwe hospitali siku ile ile.

Mbwa wenu alichanjwa lini? Uliza nyumbani, uandike tarehe katika daftari lako.