Kushinda kwa hasara: ninavyopiga hesabu ya makato kwenye masoko ya utabiri

Ndugu na marafiki wanaoniuliza kuhusu masoko ya utabiri karibu wote huanza na swali moja: nani atashinda uchaguzi? Mimi huanza na lingine: nikipatia, nitabaki na shilingi ngapi mkononi? Naishi Marekani, ambako masoko haya yameshamiri, na naamini kabisa kwamba mtu anaweza kutabiri vizuri mwaka mzima huku pesa zake zikipungua.

Utaratibu ni rahisi. Unanunua mkataba wa NDIYO au HAPANA kwa bei kati ya senti 1 na 99. Ukipatia unalipwa dola 1, ukikosea hupati kitu. Ndiyo maana watu huisoma bei kama asilimia: senti 60 ni uwezekano wa asilimia 60. Anayetaka tu kujua hali ya uchaguzi, usomaji huo unamtosha. Anayetoa pesa zake mfukoni anahitaji namba nyingine, na namba hiyo haiandikwi kwenye skrini.

Chukua PredictIt, soko la siasa lililoanzishwa 2014 chini ya Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand. Linafaa kwa mazoezi kwa sababu makato yake yaliyozoeleka yamekuwa ya wazi: asilimia 10 ya faida, kisha asilimia 5 ya pesa unazotoa. Umenunua mikataba 100 kwa senti 60, yaani dola 60. Umeshinda, unalipwa 100. Faida ni 40, wanakata 4, zinabaki 96. Sasa toa pesa: asilimia 5 ya 96 ni dola 4.80. Unaondoka na 91.20.

Angalia vizuri hiyo asilimia 5, maana imekata hata mtaji ulioingia nao. Aliyezoea kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa analielewa hili haraka: makato ya kutoa hayajali kama pesa ni faida au ni akiba yako. Sasa gawanya 60 kwa 91.20. Unapata karibu asilimia 66. Hiyo ndiyo namba ninayoitafuta kabla ya kununua chochote. Kama moyoni naamini uwezekano ni asilimia 63, bei ya 60 inaonekana rahisi, kumbe kwangu ni ghali.

Hesabu inauma zaidi kwenye mikataba inayoitwa ya uhakika. Nunua 100 kwa senti 95. Umeshinda, faida dola 5, wanakata senti 50, zinabaki 99.50. Ukizitoa zote unapata takriban dola 94.53. Uliingia na 95! Kwa makato hayo, bei yoyote inayozidi senti 94 na nusu hivi inakupa hasara hata ukipatia, ikiwa unatoa pesa zako. Ukiziacha humo ili ununue tena, makato ya kutoa yanasubiri tu siku yake.

Kalshi, soko lingine, linalosimamiwa na tume ya serikali ya Marekani ya CFTC, limekuwa na njia nyingine ya kukata. Kanuni yake ya kawaida ni 0.07 mara idadi ya mikataba, mara bei, mara dola 1 ukitoa bei. Ada inakuwa kubwa zaidi bei ikiwa katikati: mikataba 100 ya senti 50 ni dola 1.75. Inalipwa unaponunua, ushinde ushindwe, na ukiuza kabla ya matokeo unalipa tena. Kila soko lina kanuni zake na hubadilika, kwa hiyo fungua ukurasa wa ada siku ileile unayonunua.

Halafu kuna gharama isiyoitwa ada: pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme muuzaji anataka 51 na mnunuzi anatoa 49. Ukinunua 100 ukabadili mawazo papo hapo, umepoteza dola 2 kwenye pengo na 3.50 kwenye ada za Kalshi. Ni dola 5.50 kati ya 51, na bado hakuna habari yoyote iliyotokea. Kwenye masoko madogo pengo huwa pana kuliko hapo, kwa hiyo mimi huweka oda kwa bei ninayoitaka na kusubiri. Asipotokea muuzaji, naiacha.

Mwisho ni muda. Mkataba wa senti 92 utakaolipwa baada ya miaka miwili unaleta senti 8, kama asilimia 4 na kidogo kwa mwaka kabla ya makato, na kukosea kunaweza kukugharimu zote 92. Kwa sehemu kubwa ya 2023, hati za muda mfupi za serikali ya Marekani zililipa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Mkataba wa namna hiyo siununui, hata kama nina hakika na jibu lake.