Fukusi wa Mahindi Ufukweni mwa Nyasa

Swali: Mahindi tunayonunua Mbinga yakiwa safi, mbona hapa Mbamba Bay hubunguliwa upesi?

Jibu: Sababu, ndugu muulizaji, ni joto, kwani fukusi, mdudu wa jenasi ya Sitophilus mwenye mdomo mfano wa mkonga, huweza kuitoboa punje ingali shambani, akataga yai na kuliziba tundu kwa ute, hata mnunuzi asione dalili yoyote, na buu wake, ambaye katika baridi ya milima ya Umatengo, huko Mbinga, hukua taratibu, akiteremshwa ufukweni, mita 475 hivi juu ya bahari, huweza kukamilika kwa siku 35 au karibu na hapo. Wala makopa ya muhogo hayasalimiki. Yaanike mahindi hata yakauke barabara, kisha uyatie katika chombo kisichopitisha hewa, fukusi wafe kwa kukosa pumzi. Jua peke yake, kwa rai yangu, halitoshi.