Wamenyamaza Kwa Sababu Umewatumia Bili

Binti mmoja wa Kibosho, katibu wa kamati ya ukoo wao, ananiuliza: mbona ndugu zake walioko Houston, London na Dubai wako kimya tangu aweke bajeti ya mkutano wa ukoo wa Desemba kwenye kundi la WhatsApp?

Mdogo wangu, tarehe mmepanga nyie, turubai mmechagua nyie, ndafu mmehesabu nyie, hata rangi ya fulana mmeshaigombania mkamaliza. Wao mmewabakizia safu moja tu: kiasi. Ningekuwa mimi, ningenyamaza pia.

Anza upya, na uanze na tarehe. Najua, Mchaga na Desemba hawaachani. Nchi nzima inatutania kwamba tunapanda kwenda kuhesabiwa. Lakini Krismasi shule za London hufungwa kama wiki mbili tu, nauli ya ndege nayo iko juu kuliko mlima wenyewe. Nesi wa Houston hawezi kuomba likizo ya sikukuu mwezi wa kumi na moja, wenzake wameshaiwahi. Tena mwenye paspoti ya Marekani anayekuja kwa viza ya kawaida ya matembezi hulipa dola 100 kuingia nchi aliyozaliwa, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Familia ya watu watano, hizo ni dola 500 hata ndege hawajaiona. Kwa hiyo ya Desemba waulizeni Januari. Wakisema Julai inawafaa zaidi, msikatae kwa mazoea. Mkutano wa ukoo ufanyeni Julai, Krismasi aje anayeweza.

Kikao kipangwe kwa saa zao pia. Jumapili ya Januari, saa tatu usiku Moshi ni saa nne Dubai, saa kumi na mbili jioni London na saa sita mchana Houston, mtu ametoka kanisani. Mwezi wa tatu Marekani na Uingereza husogeza saa mbele, tena si siku moja, basi kila tangazo liandike saa ya kila mji.

Fedha sitaimaliza leo. Wekeni watunza hazina wawili, mmoja nyumbani, mmoja nje, na risiti zipigwe picha siku hiyohiyo. Huko nje nako kuna kodi ya nyumba na ada za shule, dola haziokotwi. Na nyie mlioko nje, kwa kuwa najua mnanisoma: aliyelipia ndafu watatu hajanunua ukimya wa wazee. Mgawo wa nyama unafuata nafasi ya mtu kwenye ukoo, si alichotuma.

Watoto waliozaliwa huko wapeni kazi halisi, si kucheza shoo mbele ya wageni. Mmoja awapigie bibi na babu akusanye majina ya ukoo, mwingine apange picha. Wakija, mzee awatembeze kihambani, kwenye shamba la ukoo, awaonyeshe makaburi ya hao waliowaandika, na binamu wa rika lao awe mkalimani. Mtori watauzoea wenyewe.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Kwenye kila ukoo yupo asiyekuja miaka na miaka, naye hasemi sababu. Huenda karatasi zake hazijakaa sawa na akitoka hataruhusiwa kurudi kwenye kazi inayomlea mama yake. Usimuulize kundini, wala usiruhusu mtu amtanie kuwa ameshakuwa Mzungu. Mpigie pembeni, umuulize anataka ashiriki vipi. Siku yenyewe apigiwe simu ya video kabla muziki haujafunguliwa, mzee wa ukoo amtaje kwa jina na ampe nafasi aongee. Hakikisha bando lipo, na simu aishike kijana mwenye mkono uliotulia, si yule mjomba anayejionyesha pua yake dakika zote kumi.