Pima mtoto kabla hujapima mizigo

Mizigo yetu niliipima mara nne. Nilikuwa na ule mzani mdogo wa kuning'iniza, nikanyanyua kila begi hadi mkono ukaniuma, nikatoa viatu, nikarudisha viatu. Kifungua mimba wangu, mwenye miaka 7, sikumpima hata mara moja. Ndiye aliyekuja kusimama kwenye kipimo cha urefu mbele ya lango la mchezo wa Anaconda, kwenye bustani ya michezo ya Gold Reef City, Johannesburg, kichwa chake kikaishia vidole vinne chini ya mstari. Kilio chake bado nakisikia.

Tangu turudi Kolwezi, akina mama wenzangu hunisimamisha kwenye lango la shule kuniuliza tikiti ni dola ngapi. Bei ya tikiti haikai mahali pamoja, sina la kuwajibu. Ninachokijua ni kwamba ukisafiri kwa ndege na watoto wadogo kutoka huku kwetu, safari inaanza miezi kadhaa kabla ya ndege, tena inaanzia kwenye karatasi.

Anza na majina. Sisi Wakongomani tuna nom, postnom na prénom, na kila ofisi huyapanga inavyojua yenyewe. Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu wa miaka 4 kilikuwa kimemeza herufi moja ya postnom yake. Herufi moja! Karani wa kwanza hakuiona, wa pili akaiona, na faili lote likarudishwa. Nikapanda na kushuka ngazi za ofisi wiki tatu. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, tandaza mezani cheti, pasipoti na tikiti, usome jina herufi kwa herufi, kisha umwite jirani naye asome. Jicho la mama husoma jina la mwanawe hata pale lisipoandikwa. Na ikiwa mtoto hakuandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, itabidi kwanza upite mahakamani kuomba jugement supplétif. Usingoje mwezi wa likizo ufike.

Kila mtoto awe na pasipoti yake, hata anayenyonya, na Afrika Kusini inatudai visa sote. Kama baba au mama anabaki nyumbani, chukua ruhusa yake ya maandishi iliyothibitishwa na ofisi husika, maana utaulizwa kwenye visa na unaweza kuulizwa tena na watu wa uhamiaji (DGM) kwenye uwanja wa ndege. Halafu ile kadi ya manjano: chanjo ya homa ya manjano hutolewa mtoto akishafika miezi 9, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichanja Jumatatu na kuruka Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, kadi yako ni pambo. Kadi zetu tano nilizifunga kwa mpira pamoja na pasipoti, nikaziweka kwenye mkoba wa shingoni ambao sikuuvua hata chooni.

Kolwezi tuna uwanja wa ndege, lakini ndege ya Johannesburg tuliipandia Luano, Lubumbashi. Hapo kati kuna kama kilomita 300 za barabara. Msomaji wa Lualaba sihitaji kumweleza barabara hiyo ikoje: malori ya shaba na kobalti yanayokwenda Kasumbalesa, vumbi, foleni kwenye péage, na dereva mmoja asiye na subira kuliko wote ambaye siku zote yuko nyuma yako. Ukipiga hesabu ya saa za kwenye ramani utaikosa ndege. Sisi tulitoka alfajiri ya siku moja kabla, tukapita Fungurume watoto wakiwa bado wamelala, tukasimama Likasi wakala na kukojoa, tukalala Lubumbashi kwa shangazi yao. Jioni ile ya ziada ilitugharimu shuka za kukojolewa, basi. Familia nyingine tuliyokutana nayo uwanjani ilitoka Kolwezi usiku wa manane siku hiyo hiyo. Walifika, ndiyo, lakini watoto wao walikuwa wamechakaa kabla hata ya kuona ndege.

Kuhusu Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, muulize aliyekuuzia tikiti kama imo ndani ya bei au utailipa uwanjani. Ukiilipa uwanjani, beba dola safi zisizochanika. Unajua mwenyewe noti iliyopasuka kidogo inavyoangaliwa kwetu.

Sasa ndani ya ndege. Mtoto asiyefikisha miaka 2 hukaa mapajani na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, lakini hana kiti. Akishatimiza miaka 2 analipiwa kiti chake. Kitinda mimba wetu alikuwa na miezi 18, nikajisifu kwamba nimeokoa pesa. Saa mbili na kitu za mtoto wa kilo 11 anayetaka kusimama juu ya tumbo lako zitakufundisha thamani ya pesa hiyo. Chupa ya maziwa na uji wake walituruhusu kupita navyo kwenye ukaguzi, ingawa vimiminika vingine vya mizigo ya mkononi havitakiwi kuzidi mililita 100. Betri za kuchajia simu zikae mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini. Na nguo za kubadilisha za mama! Kila mtu hukumbuka za mtoto. Mimi nilitua Johannesburg na blauzi inayonuka maziwa yaliyoganda.

Masikio ndiyo niliyoyaogopa kuliko yote, na ndiyo yaliyonipa kazi kidogo kuliko yote, kwa sababu muuguzi mmoja alinieleza mapema. Maumivu huja zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopanda. Hewa ya ndani ya ndege inarudi kuwa nzito, ile iliyo nyuma ya ngoma ya sikio inabaki nyepesi, na ngoma inasukumwa kwa ndani. Kumeza mate kunafungua kile kijia kinachounganisha sikio na koo, hewa ikalingana. Basi, nusu saa kabla ya kutua mwamshe mtoto, maana aliyelala hamezi vya kutosha, kisha mnyonyeshe au mpe chupa. Wakubwa wape kitu cha kutafuna. Wangu walipewa karanga za kuchemsha za shangazi yao. Mtoto mwenye mafua makali mwonyeshe daktari kabla ya safari, kwa sababu kijia hicho kikiziba, kunyonya hakutasaidia sana.

«Mama, hii ndege iko na freni?» aliuliza wa kati tulipogusa ardhi na kila kitu kikaanza kunguruma. Baba yao akamjibu iko nazo, ndizo anazozisikia. Hakuamini hadi tuliposimama kabisa.

Johannesburg saa ni ile ile ya Lubumbashi, kwa hiyo usingizi wa watoto haukuvurugika. Baridi ndiyo iliyotuvuruga. Likizo yetu kubwa huangukia Julai na Agosti, na kule huo ni msimu wa baridi: mchana jua zuri, usiku unatafuta blanketi la tatu. Tulichagua Agosti kwa makusudi, baada ya wanafunzi wa kule kurudi darasani, ili foleni za michezo ziwe fupi. Ila nje ya likizo za shule Gold Reef City haifunguliwi kila siku ya wiki, kwa hiyo angalia siku zake kabla ya kulipia hoteli.

Chakula kisikuumize kichwa. Bukari ipo, wao wanaiita pap, na kitinda mimba aliila bila kuuliza jina. Tulipoitamani sombe tulikwenda soko la Yeoville, mtaa wa Rockey, ambako Wakongomani ni wengi kiasi kwamba mwanangu alisalimiwa kwa Kiswahili na Kilingala kabla hajasikia Kizulu.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya watalii wa Ulaya havitakuambia kwa sababu halimhusu mwandishi wake. Johannesburg haina malaria. Sisi ndio tunaoibeba. Mbu aliyemuuma mtoto Kolwezi usiku wa mwisho anaweza kumletea homa wiki moja au mbili baadaye, mbele ya daktari ambaye ugonjwa huo hakutani nao kila siku. Homa ikipanda, usisubiri, na sentensi ya kwanza kumwambia daktari iwe hii: tumetoka Kongo, mpimeni malaria. Wetu walipata mafua tu. Lakini usiku mtoto wa kati alipopandwa na homa tulisema hivyo, na wakampima.

Na sasa bustani yenyewe. Gold Reef City ilifunguliwa mwaka 1987 juu ya mgodi wa dhahabu uliofungwa, kwenye shimo namba 14 la Crown Mines, kusini mwa jiji. Fikiria basi familia ya Kolwezi, mji ambao shimo la mgodi la KOV lingeweza kuwa anwani yake, inasafiri hadi nchi nyingine kwenda kustarehe mgodini. Kuna treni, magurudumu, farasi wa kuzunguka kwa ajili ya wadogo, na mnara uitwao Tower of Terror ambao kigari chake hudondoka hadi ndani ya shimo la mgodi. Watu wanalipa wadondoshwe shimoni! Kwetu, mtaani Kasulo, watu walipochimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, hakuna aliyelipa kwa furaha.

Kuna pia ziara ya chini ya ardhi. Wageni huvalishwa kofia ngumu na taa, wakashushwa kwa lifti hadi ngazi moja ya juu juu ya mgodi wa zamani, na wakirudi huonyeshwa dhahabu inavyoyeyushwa na kumiminwa. Nilidhani baba watoto atakuwa wa kwanza kwenye mstari. Miaka 12 ya zamu za mgodini, nani angetueleza vizuri zaidi? Aliitazama ile kofia mkononi mwa kijana wa pale, akaitazama tena.

«Mimi niko konje,» akasema, akaenda kununua aisikrimu.

Tulishuka mimi na kifungua mimba. Alipotoka alimkuta baba yake juani, akamweleza kwa dakika nzima jinsi mwamba unavyopasuliwa kwa baruti. Baba akasikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari mpya.

Makumbusho ya Apartheid yako jirani kabisa na lango la bustani. Tuliyaacha. Ni mahali pa kurudi watoto wakishakuwa wakubwa, si pa mtoto wa miaka 4 mwenye aisikrimu shavuni.

Kuhusu urefu, ambako nilianzia: michezo mikubwa ina kipimo, na kipimo hakina huruma wala hakipokei maelezo. Tovuti ya bustani huonyesha kila mchezo na urefu wake. Mpime mtoto nyumbani, bila viatu, muandike pamoja michezo ambayo atapanda na ile ambayo hatapanda, ili kilio kama kipo kiishe Kolwezi. Mimi sikufanya hivyo, na saa nzima ya siku ile niliyoilipia kwa randi niliitumia kwenye benchi nikimbembeleza mtoto ambaye kwa wiki sita alikuwa amewaambia darasa zima kuhusu Anaconda.

Siku tuliporudi, kabla hata ya kufungua mabegi, aliniomba nimchoree mstari kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Nikauchora kwa kalamu ya baba yake, na juu yake, vidole vinne, nikachora ule wa Anaconda. Kila Jumapili baada ya misa anasimama hapo. Jumapili iliyopita alinipigia kelele nije nione, amebakiza kidole kimoja. Nikamwambia avue soksi. Alikuwa amevaa jozi tatu.