Aitwaye kwa Kadhi Asiende



Limeenea katika baraza zetu za Mji wa Kale neno la makosa: kwamba mume akishitakiwa na mkewe kwa kadhi, dawa ni kutokwenda, asipohudhuria, shauri hufa lenyewe na mke hubaki mkononi mwake. Na tulitazame neno hili kwa mizani ya sharia.

Kwanza, asli ya hukumu ni kusikiza pande mbili. Mtume (s.a.w.) alipompeleka Sayyidna Ali Yaman kuwa kadhi, alimwagiza asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie na wa pili. Kwa ajili hii Mahanafi wamekataza kumhukumu asiyekuwapo. Lakini Mashafi, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu mwambao huu, wameruhusu. Baadhi yao wametoa dalili kwa Hind binti Utba, aliyemshitakia Mtume mumewe Abu Sufyan kuwa hampi masurufu ya kutosha, akaruhusiwa kutwaa katika mali yake kadiri ya kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Imam Nawawi hakuiridhia dalili hii, kwani Abu Sufyan alikuwa papo hapo Makka. Lile lilikuwa jibu la fatwa, si hukumu juu ya ghaibu. Hata hivyo ameeleza kuwa aliyejificha mjini, au aliyeitwa akakataa kwa jeuri, hukumu yake ni moja na ya aliye safari ya mbali. Basi aketiye nyumbani Kibokoni akaipuuza samansi, mbele ya sharia ni kama aliyesafiri Hindi.

Pili, asidhani mdai kuwa akienda peke yake hupewa kila alitakalo. Kadhi sharti ahakikishe kuwa samansi imemfikia mdaiwa. Asipopatikana, mahakama yaweza kuamuru ibandikwe mlangoni pa nyumba aliyokuwa akikaa, au itangazwe gazetini. Kisha mdai alete mashahidi. Na Mashafi wataka, juu ya mashahidi, aape kuwa haki yake ingaliko, haikulipwa wala hakuisamehe, kwa kuwa mwenziwe hayupo kuyasema hayo. Kutohudhuria peke yake hakuvunji ndoa. Kadhi huangalia madhara yaliyothibitika, kama kukosa masurufu. Na mdai mwenyewe asipotokea siku yake, shauri laweza kufutwa.

Tatu, ghaibu naye hakuvunjiwa mlango. Akija, hoja yake ingali hai: aweza kuwatia ila mashahidi, au kuonyesha kuwa alikwisha kulipa. Hapa Kenya aweza kuomba hukumu itenguliwe akiwa na udhuru wa kweli, au kukata rufani Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi pamoja na jaji wakimshauri.

Wako wasemao kuwa Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, yataka wote wawili wawe Waislamu na wairidhie Mahakama ya Kadhi. Basi asiyekwenda hakuridhia. Jawabu ni kwamba mwenye pingamizi huja akalisema mbele ya kadhi. Kulala nyumbani si pingamizi. Na Mwislamu aitwaye kwenye hukumu ya Mwenyezi Mungu akageuka, na aisome Suratun-Nur aone wamesifiwaje watu wa namna hiyo.

Ndugu msomaji, tazama aumiaye. Mke ambaye mumewe ameitwa mara ya pili na ya tatu asiende, si mke wala si mjane. Masurufu hana, kuolewa hawezi, na watoto wataka chakula na karo. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratun-Nisaa kumwacha mke kama aliyetundikwa, na katika Suratul-Baqara kumzuia kwa kumdhuru. Je, ushindi gani huu wa mtu kumshinda mama wa wanawe kwa kujificha?

Basi nasaha yetu ni hii. Ewe mume, ukiitwa nenda. Ukiwa na haki utaisema, na ukiwa na deni utalijua. Nawe dada yetu, weka cheti chako cha ndoa, andaa mashahidi wako, wala usiikose siku yako. Nanyi wazee na mawalii, msimfundishe kijana wenu kukimbia. Mshikeni mkono mwende naye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.