SATARANJI BILA UBAO: SOMO LA BAHATI NA JUHUDI



Ndugu msomaji, katika mabweni yetu siku hizi imeenea michezo ya kuigiza hadithi mezani. Mmoja huwa msimulizi, wengine kila mmoja hushika mhusika wake, na panapotokea jambo la mashaka, kama kuruka ukuta au kumshawishi mlinzi, dadu huamua.

Mimi ni msimulizi wa kundi letu. Hadithi yetu imefika Baghdad, katika baraza la Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 902 hadi 908. Ndiko Abu Bakr as-Suli alikomshinda al-Mawardi, bingwa wa sataranji aliyekuwa kipenzi cha Khalifa. Kwetu sisi, kijana msafiri ameketi mbele ya as-Suli. Akishinda, nduguye atatolewa kifungoni. Anayemwigiza kijana huyo hajui hata kete zinavyotembea, lakini mhusika wake anajua. Basi tutaamuaje?

1. Suala la dadu

Tuanze na dini yetu. Katika Sahih Muslim imo hadithi inayokemea vikali nardashiri, mchezo wa dadu, na wanazuoni wengi wameuharamisha hata pasipo fedha. Juu ya sataranji wamekhitilafiana: Imam an-Nawawi wa madhehebu ya Shafii aliihesabu kuwa makruhu, maadamu haina kamari wala haipitishi wakati wa Swala, na wengine wakaiharamisha. Siandiki fatwa. Muulize sheikh wako.

Kundi letu limeacha dadu. Kila upande una kofia yenye vikaratasi sita, namba 1 hadi 6. Unachomoa kimoja, unasoma, unarudisha. Hesabu ni ileile. Ukiniuliza kama hiyo si dadu kwa jina jingine, swali hilo nalo lipeleke kwa sheikh. Lisilo na mjadala ni kwamba fedha haiwekwi mezani.

2. Kuchomoa mara moja

Mpe kila mchezaji alama za ujuzi. Tuseme as-Suli amemzidi kijana kwa 2. Kila mmoja anachomoa namba, as-Suli anaongeza 2 juu ya yake, na mwenye jumla kubwa ameshinda.

Namba mbili hukutana kwa njia 36. As-Suli anashinda katika 26, wanatoka sare katika 4, na kijana anashinda katika 6. Kwa kuhesabu sare kuwa nusu pointi, as-Suli anapata pointi 28 kati ya 36, yaani kama 78 katika kila 100.

Je, ndivyo sataranji ilivyo? Shirikisho la dunia, FIDE, tangu mwaka 1970 linatumia vipimo vilivyobuniwa na Arpad Elo. Kwa vipimo hivyo, aliyemzidi mwenzake kwa pointi 200 hutarajiwa kupata kama pointi 76 katika michezo 100. Kwa hiyo hesabu yetu si mbaya. Ubaya wake ni kwamba mchezaji hana la kufanya. Anachomoa karatasi, na ndugu yake anafunguliwa au anaoza gerezani.

3. Vipindi vitatu

Sataranji ina ufunguzi, katikati na mwisho. Basi chomoeni mara tatu, na atakayeshinda vipindi vingi kuliko mwenzake ndiye mshindi. Wakilingana, ni sare.

Tazama kinachotokea. Ukipiga hesabu ya njia zote, nafasi ya kijana inashuka kutoka karibu 17 katika 100 hadi 8. As-Suli anafikia karibu 84, na sare ni 8. Ujuzi wa watu haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya majaribio. Bahati hutamba katika jaribio moja, na ujuzi huonekana majaribio yanapoongezeka.

4. Kutoa kete mhanga

Sasa mpe mchezaji uamuzi. Mara moja katika mchezo, anaweza kujipunguzia alama 2 katika kipindi kimoja ili aongeze 2 katika kinachofuata, kama mtu anayetoa kete yake iliwe ili apate nafasi ya kushambulia.

Kijana akitoa mhanga katika ufunguzi, njia zake za kukishinda kipindi hicho zinaporomoka kutoka 6 hadi 1 kati ya 36. Katika kipindi cha pili zinapanda kutoka 6 hadi 15, kwa kuwa sasa yuko sawa na as-Suli. Kwa mchezo mzima, nafasi yake ya kushinda inatoka 8.0 na kufika 8.6 katika 100. Faida ni ndogo, lakini ameichagua mwenyewe. Msimulizi naye amepata la kusimulia: kijana amezidiwa, anatoa kete, baraza linanong'ona, as-Suli anainua macho.

5. Tunachojifunza

Mwanahistoria al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 956, ameeleza kuwa wapo waliolinganisha michezo hii miwili: nardashiri kwao ilikuwa mfano wa mja asiye na hiari, na sataranji mfano wa mwenye kuchagua. Sisi tunaamini Qadar, na pia tunaamini kwamba tutaulizwa tulichokichuma. Mkulima hupanda, na mvua haimo mikononi mwake.

Wiki za mitihani utasikia, "Ah, mtihani ni bahati tu." Swali moja laweza kuwa bahati. Anayesoma mada moja usiku wa mwisho na kuomba itokee amechagua kuchomoa karatasi mara moja. Anayehudhuria darasani muhula mzima amechagua kuchomoa mara nyingi, na kila somo analolielewa ni alama ya kuongeza juu ya karatasi yake. Huyo anaweza kushindwa siku moja, kama as-Suli anavyoshindwa mara 8 katika 100. Lakini ukiniuliza ningependa kuketi upande gani wa ubao, jibu unalijua.

Wabillahi tawfiq.